Uzi wa Zambarau Nyuma ya Mashine Namba Tatu

Mama Joto amelala kifudifudi nyuma ya mashine namba tatu, tochi ndogo katikati ya meno, bisibisi mkononi. Bati la nyuma ameshalifungua na kuliegemeza ukutani. Ndani, nyaya nene zimekusanyika kama nywele zilizosukwa, na mahali zinapokutana pamefungwa uzi.

Uzi ni wa zambarau.

Anautazama kwa muda. Kisha anatoa tochi mdomoni, anaifuta kwa ncha ya blauzi, na kusema taratibu, kama anayeongea na mashine yenyewe: "Kumbe huyu naye amepita hapa."

Upande wa pili wa mashine yupo mkunja nguo wa duka hili, mwanamke mwenye sauti kubwa ambaye mikono yake haiachi kukunja hata anapocheka.

"Umeona nini huko, dada? Hereni ya mwanamke mwingine?"

"Afadhali ingekuwa hereni," anajibu Mama Joto.

Ukutani, juu ya mpini wa swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mashine hii, inaning'inia kandambili ndogo ya mtoto, imelika kisigino. Ilikuwa ya kitinda mimba wake, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ndevu. Kila anapozima umeme ili aingize mikono ndani ya mashine, huitundika hapo. Wafanyakazi wote wa duka wanaijua. Kandambili ikiwa kwenye swichi, hakuna anayeigusa, kwa maana kuna mtu ndani.

Duka hili la kufulia nguo lina mashine tatu za kukaushia. Mbili ni ndogo, za mashati na nguo za watoto. Namba tatu ndiyo inayobeba mzigo: shuka, mapazia, taulo za hoteli. Ikisimama, duka zima linapumua kwa shida.

Na tatizo lake ni la aina inayochosha mafundi. Mashine haijafa. Inawaka, pipa la ndani linazunguka, feni inavuma, taa ya kijani inaonekana. Lakini shuka zikitolewa bado ni mbichi, zina uvuguvugu kama mtoto mwenye homa ndogo.

"Ikikataa kabisa, kazi ni rahisi," anasema Mama Joto. "Unajua umeme haufiki. Hii inakudanganya. Inazunguka na kupiga kelele kama iko kazini, kumbe haikaushi kitu."

Kesho asubuhi zinakuja shuka za hoteli, mzigo mkubwa kuliko yote ya mwezi. Na kuna jambo jingine, ambalo limemfanya leo aje mapema kuliko mkunja nguo.

Mwenye duka, ambaye kila mtu humwita Bosi, hata mama yake mzazi, ameagiza mashine mpya nne za kukaushia. Amekwisha kupaka rangi ukuta zitakapokaa. Katikati ya ukuta huo wa kijani ameacha mstatili mweupe, unaotosha kuandika namba moja ya simu.

"Nimechoka kuwa na mafundi wawili," anasema Bosi, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Huyu akija ananiambia mwenzake kafanya hivi. Yule akija ananiuliza nani kagusa hapa. Mashine zikifika, nitaandika pale namba ya fundi mmoja. Namba tatu ikikausha shuka za hoteli kesho, nitajua naandika ya nani."

Tangu asubuhi, kila Mama Joto anaponyanyuka kunyoosha mgongo, macho yake huenda kwenye mstatili ule.

Ana miaka hamsini na kidogo. Ni mwembamba, hupenda kuongea kwa sauti ya chini, na hubeba vifaa vyake kwenye mfuko wa turubai alioushona mwenyewe. Jina la Mama Joto alipewa na wateja, kwa kuwa akiondoka, joto hubaki.

Hakwenda chuo cha ufundi. Alianza kama mpiga pasi katika duka jingine, kubwa kuliko hili, lililokuwa na fundi wake wa mashine. Macho ya fundi yule yalikuwa yameanza kuchanganya rangi. Waya wa kahawia aliuona mwekundu, na maandishi madogo kwenye mabati hakuyaona kabisa. Akawa anamwita mpiga pasi aliye karibu amsomee.

"Nilianza kama macho yake," anasema. "Ananiuliza, huu rangi gani? Namwambia. Hapa pameandikwa nini? Namsomea. Baada ya muda nikawa namuuliza mimi: kwa nini huu unakwenda pale? Hakuwa mchoyo. Alinijibu kila nilichouliza."

Fundi yule alihamia mbali na akaacha kazi, lakini aliacha mambo mawili ambayo mafundi waliopita mikononi mwake wanayashika mpaka leo.

La kwanza ni amri: anzia ukutani. Mashine ikikosa nguvu, usiifungue. Anza na umeme unakotoka, ufuate hatua kwa hatua, mpaka ufike mahali unapopotelea.

La pili ni uzi. Fundi akimaliza kazi, hufunga nyaya kwa uzi wa rangi yake. Uzi uwe wa pamba, maana nailoni huyeyuka. Atakayefungua baadaye atajua ni nani aliyepita, amuulize kabla ya kugusa.

"Si wa kujitapa," anasema Mama Joto. "Ni wa kuulizana."

Uzi wake ni wa njano. Uzi wa zambarau ni wa wifi yake.

Wifi yake ni mke wa mdogo wake wa kiume, mwanamke wa miaka thelathini na tano, mrefu, mwepesi wa kucheka. Alipoolewa katika ukoo huu hakuwa na kazi. Siku moja alimkuta Mama Joto uani amefumua pasi ya jirani, akachuchumaa pembeni na kusema, "Wifi, nifundishe na mimi."

Alimfundisha kwa miaka mitatu. Alimpa bisibisi ya kwanza. Alimnunulia na uzi wa kwanza. Rangi alichagua mwenyewe.

"Nilimwambia zambarau ni rangi ya watu wanaotaka kuonekana," anasema. "Akacheka. Basi nikacheka na mimi. Sikujua."

Alichokuwa hakijui kilikuja kidogo kidogo. Wifi alipata mita ya kupimia umeme yenye taa, inayoonyesha tarakimu hata gizani, wakati ya Mama Joto bado ina mshale. Kisha akapata begi la vifaa lenye magurudumu. Halafu wateja wakaanza kuuliza.

"Nafika mahali, nimebeba ngazi begani, jasho linanitoka, mtu ananifungulia mlango ananiambia, 'Yule mwenzako mcheshi hayupo?' Mcheshi! Nimekuja kutengeneza mashine au kuchekesha watu?"

Anasema hayo akiwa ameinama, akilegeza skrubu. Sauti haijapanda hata kidogo.

"Halafu mama yangu. Mama yangu mzazi. Pasi yake ikaungua waya. Mimi nimekaa chumba cha pili, nachambua mchele. Namsikia anapiga simu: 'Mkamwana, ukipata nafasi pitia huku, pasi yangu haishiki moto.' Nikatoka na ungo mkononi. Nikamuuliza, mama, mimi ni nani humu ndani? Akasema, 'Sikutaka kukusumbua, mwanangu.'"

Mkunja nguo anacheka mpaka taulo inamponyoka. Mama Joto hacheki.

Mume wake, fundi viatu ambaye kibanda chake kiko mtaa wa pili, anasema amezoea.

"Mke wangu hana wivu na mwanamke yeyote juu yangu," anasema, akigonga msumari kwenye soli. "Nikichelewa haniulizi nilikuwa wapi. Wakati mwingine hata najisikia vibaya. Lakini nikimwambia nimemwona wifi yake amebeba ngazi, basi tena! Ngazi ipi? Alikuwa anaelekea wapi? Alivaa glavu? Uso ulikuwaje? Siku hizi nikimwona wifi barabarani, naangalia pembeni ili nisiwe na habari ya kupeleka nyumbani."

Kwa wiki nzuri Mama Joto hupata kazi nne au tano. Kwa wiki mbaya, moja. Tangu mwaka jana wiki mbaya zimekuwa nyingi, na anajua zile kazi nyingine zimekwenda wapi.

Lakini lililomchoma zaidi halikuwa kazi. Alilisikia dukani hapa hapa, Bosi akiongea kwenye simu: "Ndiyo, njoo, Mama Joto Mdogo."

"Jina langu," anasema. "Wamelikata kipande wamempa."

Ndiyo maana leo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Mama Joto amefanya kosa ambalo mwanafunzi wa mwezi mmoja angekemewa. Hakuanzia ukutani.

Alisikia kwamba wifi yake aliitwa hapa wiki chache zilizopita, Mama Joto alipokuwa msibani, na kwamba mashine ilipona kwa siku kadhaa kisha ikarudia ugonjwa wake. Kwa hiyo alipofika alitundika kandambili, akaenda moja kwa moja nyuma ya mashine, akafungua bati na kuutafuta uzi wa zambarau. Hakutafuta umeme unapopotelea. Alitafuta mahali mkono wa wifi ulipopita.

Alipouona, akaukata.

Chini ya uzi kulikuwa na kibao kipya cha kuungia nyaya, kimewekwa na wifi. Mama Joto alikagua skrubu ya kwanza. Imekazwa. Ya pili, imekazwa. Ya tatu na ya nne, hivyo hivyo. Akavuta waya mmoja mmoja kwa koleo. Hakuna uliocheza. Ncha zilikuwa zimemenywa vizuri, shaba haikutokeza nje, na waya wa usalama ulikuwa umeachwa mrefu kidogo kuliko wengine, ili ukitokea mvuto uwe wa mwisho kukatika.

"Hilo la waya mrefu nilimfundisha mimi," anasema.

Anasema hivyo kama mtu aliyekuta chumvi yake kwenye chungu cha jirani.

Hakuridhika. Alizipima koili za kuleta joto, zote tatu. Nzima. Akafungua kibao chote na kukifunga upya, kazi iliyokuwa nzuri akairudia, na akafunga juu yake uzi wa njano. Akatoa kandambili, akawasha. Mkunja nguo akaingiza shuka tatu za majaribio.

Zilipotoka zilikuwa na uvuguvugu ule ule.

"Bado mbichi," akasema mkunja nguo, akizigusa kwa shavu. Sasa hakucheka. "Dada, hii si imezidi?"

Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama shuka, akatazama saa yake, akaondoka.

Mama Joto alikaa juu ya kikapu cha nguo kilichopinduliwa. Alikunywa maji. Baada ya hapo alisema jambo ambalo fundi wa zamani angefurahi kulisikia.

"Nilikuwa nataka kosa liwe pale," alisema. "Nililitaka sana. Mashine haikuniambia liko pale, ni mimi niliyeiambia."

Akasimama, akaenda ukutani.

Mashine kubwa kama hii hailishwi na waya mmoja wa moto, inalishwa na mitatu. Pipa na feni vinatumia mmoja tu kati ya hiyo, na joto linahitaji yote. Mmoja ukidhoofika, pipa litaendelea kuzunguka bila wasiwasi, lakini joto litapungua. Na waya unaodhoofika una hila yake: ukiupima mashine ikiwa imelala, unasoma sawasawa. Udhaifu wake huonekana mashine ikiwa kazini, inapodai nguvu.

Kwa hiyo aliiacha mashine ifanye kazi. Alisimama juu ya kipande cha mpira, akafungua kifuniko cha swichi ya ukutani, na kugusa kwa ncha za mita, upande umeme unakoingilia. Waya wa kwanza, mshale ukapanda mahali pake. Wa pili, vilevile. Wa tatu, mshale ukanyanyuka, ukasita, ukaanguka chini ya nusu.

"Karibu," akaunong'oneza mshale.

Umeme ulikuwa unafika ukutani ukiwa tayari umechoka. Mashine haikuwa na hatia, wala kibao, wala uzi wa zambarau. Akaenda stoo, kwenye kasha la umeme la duka, akapima panapotokea. Nyaya zote tatu zilikuwa na nguvu kamili. Basi umeme ulikuwa unapotelea njiani, kati ya stoo na ukuta, na njia hiyo inapita juu ya dari.

Akazima kwenye kasha, akatundika kandambili huko, akaegemeza ngazi na kusukuma ubao wa dari.

Harufu ilimpokea kabla ya macho kuzoea giza. Ni harufu ambayo kila fundi wa umeme anaijua, ya plastiki iliyopikwa polepole. Bomba linalotoa hewa ya moto ya mashine lilikuwa limelegea kwenye kishikizo chake, likalalia waya. Na hapo hapo kulikuwa na kisanduku kidogo cha maungio. Bosi alipohamisha mashine miaka kadhaa iliyopita, waya haukufika, ukaungwa. Mama Joto alikifungua. Ungio la waya wa tatu lilikuwa jeusi, na skrubu yake iligeuka kwa kucha.

Pembeni, pasipofikiwa na moto, nyaya zilikuwa zimefungwa uzi. Zilikuwa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja: wa njano na wa zambarau.

Mkunja nguo, aliyekuwa ameshika ngazi, aliona miguu ya Mama Joto imesimama muda mrefu bila kusogea.

"Dada? Uko salama huko?"

"Niko salama."

"Umeona nini tena?"

"Kazi yake ya kwanza," akasema Mama Joto. "Nilimwambia kwa kuwa tumefanya wote, tufunge wote."

Aliteremka na kuketi kwenye kikapu kile kile. Kiraka hakingefaa, waya wote kutoka stoo hadi ukutani ulikuwa umekauka kwa joto la bomba na unapaswa kubadilishwa. Kuvuta waya mnene juu ya dari ni kazi ya watu wawili wanaojua. Mmoja anasukuma, mwingine anavuta, na kila mmoja lazima ajue mwenzake anahisi nini mkononi, la sivyo ganda la waya linachanika bila mtu kujua.

Angeweza kumwita fundi mwingine, na wapo. Alishika simu, akapitia majina, akaiweka mapajani. Akatazama mstatili mweupe ukutani. Akaishika tena.

Mkunja nguo aliacha kukunja.

"Haloo, wifi! Shikamoo." Sauti upande wa pili ilisikika chumba kizima.

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nipo nyumbani. Kuna nini? Mama hajambo?"

"Mama hajambo. Na pasi yake pia haijambo."

"Wifi, bado tu na ile pasi?"

"Njoo hapa kwa Bosi. Uje na kamba ya kuvutia waya."

"Umeuona uzi wangu." Sauti ilikuwa imeshuka. "Wifi, siku ile nilikupigia, hukupokea. Nikaogopa kukutafuta msibani kwa habari za mashine. Halafu nikaogopa kukuambia."

"Njoo, wifi. Sikuiti kwa ugomvi. Kuna kitu chetu kimeungua."

Alifika jua likiwa limeanza kulegea, ngazi begani, akivuta begi lake ambalo gurudumu moja linalia. Alipanda ngazi, akachungulia ndani ya kisanduku, akashuka na uso uliokunjamana.

"Na mimi nilipima mashine ikiwa imelala," akasema. "Nikaona kibao kimechoka, nikabadilisha, nikaenda zangu. Sikupanda hapa."

"Mimi nimeanza na kibao chako. Nimekifungua chote."

"Ukakuta nini?"

Mama Joto alichukua muda kukunja kipande cha utepe. "Nimekuta kizuri," akasema.

Wifi akainamisha kichwa, akakubali hilo bila kulitangaza. Lakini amani haikudumu.

"Ila lile ungio la juu ulikaza wewe, wifi. Mimi nilishika tochi."

"Tochi? Tochi nilishika mimi," akasema Mama Joto. "Wewe ndiye ulikuwa juu, ukasema mguu unatetemeka."

"Mguu ulitetemeka kwa sababu ulikuwa unatikisa ngazi!"

"Mimi natikisa ngazi? Mimi?"

"Ulikuwa unapiga chafya, wifi. Vumbi lilikuwa limekuingia."

"Jamani," akasema mkunja nguo, "mlifunga wote, mmeunguza wote. Leteni waya." Akapiga makofi. "Leo raha, Mama Joto Mkubwa na Mama Joto Mdogo chumba kimoja!"

Tabasamu la wifi lilizimika. "Tafadhali usiniite hivyo."

"Kwani vibaya?"

"Nikifika kwa mtu, swali la kwanza: 'Mkubwa mwenyewe yuko wapi?' Nikimaliza kazi: 'Na yeye atakuja kuangalia?' Miaka yote hii. Ndiyo maana nachekesha watu, wasipate nafasi ya kuuliza."

Mama Joto alikuwa anapima waya mpya kwa urefu wa mikono. Mikono ilisimama hewani.

"Mimi nilidhani umelipenda jina," akasema.

"Nani apende kuwa mdogo maisha yake yote?"

Wifi alipanda juu ya dari upande wa stoo, Mama Joto akapanda upande wa mashine. Kamba ikatangulia, waya ukafuata. Kwa kitambo, kilichosikika dukani ni sauti mbili tu zikijibizana juu ya vichwa vya watu.

"Sukuma."

"Nasukuma."

"Polepole. Umegusa kitu."

"Ni bomba. Linyanyue kidogo. Hapo."

"Njoo. Njoo. Njoo."

Mkunja nguo aliwasikiliza akiwa ameinua kidevu. "Wakiwa hawaonani wanapendana kweli," akasema.

Bosi aliwakuta hivyo. Alitazama jozi mbili za miguu kwenye ngazi mbili, akaelekeza sauti darini.

"Sasa ukutani niandike ya nani?"

"Yangu," zikajibu sauti mbili, kwa pamoja.

Kicheko cha wifi kikaanza, na baada yake kikasikika kitu ambacho mkunja nguo anaapa hajawahi kukisikia dukani hapa: Mama Joto akicheka kwa sauti.

"Aandike yangu," akasema Mama Joto alipopata pumzi. "Mimi nikipokea, nitakuita."

"Kwa nini isiwe yangu, wifi? Mimi nikipokea, nitakuita wewe."

"Wewe ukipokea utaanza kuchekesha."

"Nikiacha kuchekesha je?"

"Kwanza acha, nione."

Bosi alitikisa kichwa. "Nitaamua kesho. Kama shuka zitakauka."

Waya ulikuwa umefika nusu ya njia ulipokwama kwenye boriti ya katikati. Walijaribu kuusukuma, kuuzungusha, kuurudisha. Umeme wa ukumbi ulikuwa umezimwa kwa ajili ya kazi, na mwanga wa madirishani ulikuwa unakwisha. Tochi ya Mama Joto ikaanza kufifia, na taa ya mita ya wifi haikuundwa kwa kutafuta boriti. Kuvuta kwa nguvu kungechana waya mpya. Wakakubaliana kuuacha hapo mpaka mapambazuko, kabla gari la hoteli halijafika. Watatoboa boriti, waupitishe na kuufunga, kisha bomba lirudishwe kwenye kishikizo chake. Mashine itapimwa ikiwa kazini, wote wawili wakitazama mshale mmoja.

Kandambili iliachwa kwenye kasha la umeme la stoo. Ncha ya waya mpya ikabaki inaning'inia kutoka darini, karibu na mstatili mweupe ambao bado hauna kitu.

Mlangoni, mkunja nguo anamuuliza Mama Joto anatarajia nini.

"Nataka namba yangu iandikwe pale," anasema. "Sitadanganya kwamba sitaki. Na nataka mama yangu aniite mimi pasi ikiharibika. Na huyu, nitawaambia watu wamwite jina lake. La kwangu nibaki nalo zima."

"Wivu umekwisha, basi?"

"Nani kasema?" anajibu. "Waya umefika nusu. Na wivu labda hivyo hivyo."

Wifi ameshatangulia barabarani, gurudumu la begi likilia. Mama Joto anapiga hatua chache kumfuata, kisha anasimama. Anageuka, anamwomba Bosi asifunge kwanza, anaingia tena gizani na kupanda ngazi kwa tochi inayokufa. Sheria ya fundi wa zamani ni kwamba uzi haufungwi mpaka kazi iishe, na yeye anataka kuhakikisha hakuna aliyetangulia kuufunga.

Kutoka barabarani inasikika sauti ya wifi, imejaa kicheko: "Sijafunga, wifi! Shuka! Tutafunga kesho!"

Tochi inapita juu ya waya, kutoka ncha hadi boriti, taratibu. Kisha inarudia tena.